Mikaratusi yangu 120 na kisima cha mama mdogo

Najua nimepotea. Ilikuwa testi juu ya testi, halafu ripoti ya fildi, halafu ile hali ambayo kila mtu wa hosteli anaijua bumu linapochelewa: mchana mihogo, usiku maji. Sasa rasimu nimekabidhi, usingizi nimelipa deni lake, nimerudi.

Leo sina vituko vya kampasi. Nina jambo limenikaa kooni tangu nirudi fildi, na nisipolitoa hapa sijui nitalitolea wapi.

Wiki iliyopita tulikuwa vimbwetani tunapiga msuli, jamaa mmoja wa mwaka wa pili akaniuliza mbele za watu: "Kaka, wewe unasoma misitu, fildi unaendaje Sumbawanga? Kule si nyasi na upepo tu?" Watu wakacheka. Mwingine akaongeza lile la uchawi. La uchawi nililijibu hapo hapo: Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", kwa hiyo sisi wetu tulishautupa, ninyi wa kwenu mmeuficha wapi? Wakacheka tena, yakaisha. Lakini lile la nyasi na upepo sikulijibu. Nilinyamaza kwa sababu hata mimi, kwa miaka mingi, nilifikiri hivyo hivyo. Niliamini mti ni kitu cha msituni, na mahali pasipo na msitu kazi ya msomi ni moja tu, kupanda. Kupanda chochote, popote, kwa wingi.

Maoni yangu ya leo ni kwamba fikra hiyo ni kosa. Nasema hivyo kwa sababu kosa lenyewe nimelifanya kwa mikono yangu miwili.

Basi sikilizeni. Nikiwa kidato cha pili, shuleni kwetu ililetwa miche ya mikaratusi siku ya kupanda miti. Kila mwanafunzi alipewa michache akapande kwao, na mwalimu akatangaza kwamba atakayepanda mingi atapewa zawadi. Mimi nikaomba na ile iliyobaki. Jumla nikapata 120. Nikaipeleka kijijini kwa mama mdogo, upande wa kuelekea milima ya Mbizi, kwa sababu yeye alikuwa na eneo bondeni, kando ya kijito, udongo mweusi wenye unyevu mwaka mzima. Nikajiona mjanja sana: hapa sitamwagilia hata siku moja! Na kweli sikumwagilia. Miche yote ilishika. Nikapewa daftari kubwa na kalamu mbele ya shule nzima, makofi yakapigwa. Nadhani siku ile ndiyo niliyoamua kusoma misitu.

Mwaka jana nikarudi pale pale kwa fildi. Kazi yangu ilikuwa kuorodhesha miti na vichaka vinavyoishi pamoja na watu: mashambani, mipakani, majumbani, makaburini, kandokando ya njia, na kuandika faida ya kila kimoja. Nikafika kwa mama mdogo mwezi wa tisa, jua kali, upepo unapeperusha vumbi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaniwekea kigoda. Macho yangu yote yalikuwa bondeni. Mikaratusi yangu imekuwa mirefu ajabu, imenyooka kama askari wa gwaride. Nikamwambia kwa kujisifu, "Mama mdogo, umeona msitu wangu?"

Akasema, "Nimeuona, baba. Njoo nikuonyeshe na kisima chako."

Kile kisima alikichimba kabla hata sijazaliwa. Ndicho kilichokuwa kikinywesha bustani yake ya mboga wakati wa kiangazi, na ile mboga ndiyo iliyonunua sare za wanawe. Nikachungulia. Chini kulikuwa na matope yaliyopasuka na ndoo mbovu. Akaniambia miaka ya mwanzo kilipungua kidogo tu, halafu kikawa kinakauka Novemba, halafu Oktoba, sasa Agosti hakina kitu. Bustani ameiacha. Maji anayafuata mbali, na madumu siku hizi anabeba na mjukuu.

Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hapo ndipo nilipoumia. Nikachukua futi kamba kwenye begi, nikapima kutoka kisimani hadi mstari wa kwanza wa mikaratusi. Mita 11. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Desa hilo nimelibukua mpaka namba ya kifungu naijua. Na mimi ndiye niliyepewa daftari na kalamu.

Nisije nikaonekana natupa lawama zote kwa mti. Tangu wakati ule watu wameongezeka kijijini, juu ya kijito wamefungua mashamba, na mvua nazo hazitabiriki. Kisima hakikaushwi na sababu moja. Lakini kwamba mkaratusi unakunywa si maneno ya kijiweni. Afrika Kusini, mahali panapoitwa Mokobulaan, watafiti walipanda mikaratusi mwaka 1969 kwenye bonde ambalo maji yake walikuwa wakiyapima. Mwaka wa 9 kijito kikakauka kabisa. Miti ikakatwa ikiwa na miaka 16, na bado ilichukua miaka mingine kama 5 maji kurudi kutiririka kama zamani. Majirani zetu Kenya, mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyoko kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Kwa hiyo jambo lilikuwa linajulikana. Kwenye makofi yetu pale shuleni ndiko halikufika.

Sasa turudi kwenye lile swali la vimbwetani: Ufipa ni nyasi na upepo tu?

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe. Uwanda wa Ufipa uko juu, katikati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga wenyewe uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana mwezi wa sita tunavaa makoti na ninyi mnatushangaa. Msitu wa asili umebaki vipande vipande huko Mbizi, na ndani yake wapo mbega wekundu, wale wale mnaowaona kwenye vitabu. Sehemu kubwa iliyobaki ni nyasi, mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, na ng'ombe.

Na hii si ardhi iliyoguswa jana. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Matanuru yao marefu ya udongo, malungu, mengine yalifika kama mita 3 na yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Mabaki yake bado yapo mashambani. Kazi ile ilikula mkaa, na mkaa ni miti migumu. Tena yule fundi hakuijua miti kwa ajili ya mkaa peke yake. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyeitafiti sana chuma ya Ufipa, ameandika kwamba mfua chuma alikuwa pia mganga, mtu wa mizizi na magome. Yaani mtu yule yule aliyekata mti alijua pia mti gani usiukate.

Halafu kuna kilimo cha intumba. Wenzetu Wabemba ng'ambo ya mpaka, Zambia, kwa jadi hukata matawi ya miti, huyarundika, huyachoma, wanapanda kwenye majivu. Wafipa uwandani miti ya kuchoma hivyo hawakuwa nayo, basi wakageukia nyasi. Mvua zinapokaribia kuisha, unafukia nyasi ndani ya vichuguu vya udongo vya mviringo, juu unapanda maharage, nyasi zinaoza kule ndani, na msimu unaofuata unavitawanya na kumwaga ulezi. Hiyo ni mbolea ya mboji, na ilikuwapo kabla ya neno mboji kuingia kwenye madesa yetu.

Ninachotaka kusema ni kwamba Ufipa si shamba tupu linalosubiri mwanafunzi aje na miche. Ni mahali ambapo watu wameishi na miti michache kwa muda mrefu, wakajua kila mmoja una kazi gani. Mti ukiwa mmoja shambani, hauwezi kuusahau jina.

Na nilipoanza kuorodhesha kweli kweli, nikaona aibu ya pili. Fomu niliyojitengenezea ilikuwa na safu nne: mbao, kuni, dawa, matunda. Nilimuuliza mama mdogo mti baada ya mti. Mkusu ulioko juu ya shamba, nikaandika "matunda", maana makusu tumeyala sote tukiwa watoto mpaka meno yakalegea. Akaniuliza, "Umeandika kwamba ndipo tunapopumzika wakati wa kupalilia?" Sikuwa na safu hiyo. Mkuyu kando ya njia: "Umeandika kwamba ndio mpaka wetu na wa jirani, na babu yako alituonyesha hapo?" Sikuwa na safu hiyo. Utupa alioupanda pembeni mwa shamba, kile kichaka mimi nilitaka kukiruka kabisa kwa sababu si mti wa mbao. Yeye anakata majani yake anayafukia, udongo unapata nguvu. (Na kweli, utupa ni wa jamii ya kunde, unaingiza naitrojeni ardhini. Hilo nimesoma darasani, yeye hakusoma, na yeye ndiye anayelitumia.) Mnyaa wa uzio, mpera wa uani, mparachichi anaouza matunda yake sokoni mjini. Mpaka tunamaliza, fomu yangu ilikuwa imejaa maandishi pembezoni na safu zenyewe ziko nusu tupu.

Jambo lililonikaa zaidi ni hili: mingi ya miti ile hakuna mtu aliyeipanda. Iliota yenyewe, au ilichipua kwenye kisiki, na mtu fulani siku fulani akiwa na jembe mkononi akaamua kuipitia pembeni. Basi. Hakuna sherehe, hakuna picha, hakuna kiongozi aliyeshika koleo.

Wadau, hili lina uzito kuliko linavyosikika. Mnalijua lile agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Nia ni njema na mimi siipingi. Ila tunahesabu miche siku ya kupanda, kama nilivyohesabiwa mimi 120 yangu. Nani anarudi baada ya miaka mitatu kuhesabu iliyo hai? Nani anauliza imepandwa wapi, na inakunywa maji ya nani? Na ule uliochipua wenyewe shambani kwa mama mdogo, ambao haukugharimu hata mfuko wa nailoni, hauhesabiwi popote katika hiyo milioni na nusu.

Na tuna mifano ya nyumbani. Shinyanga miti ilikatwa tangu enzi za mkoloni, kupambana na mbung'o na kupata mashamba ya pamba, mpaka watu wakauita mkoa ule jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mafanikio yake makubwa yalitokana na kufufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya malisho ipumzike. Visiki vikachipua, na mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004 zilikuwa zimerudi zaidi ya hekta 300,000. Dodoma siku hizi wanafanya kisiki hai: unachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, unapogoa mengine, unaweka alama ng'ombe na trekta wasiyaguse. Niger, nchi kame kuliko zetu, wakulima waliacha miti ichipue mashambani namna hiyo hiyo, ikafika hekta kama milioni 5. Mkulima anaulinda kwa sababu anaujua, na anaujua kwa sababu amekula, ameota moto na amepumzika chini yake.

Sasa ngoja niwape na upande wa pili, maana mwalimu wangu husema maoni ya upande mmoja ni matangazo ya biashara.

Jioni ile tulikaa kikao cha familia. Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni: mikaratusi yote ikatwe. Baba mdogo akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu, "Ile miti ndiyo ada ya mdogo wako." Mdogo wangu anaingia kidato cha tano. Nguzo za ule mstari wa juu zina mnunuzi tayari. Akaongeza kwamba tangu matawi ya mikaratusi yaanze kutosha, nyumba ile haijapeleka mtu Mbizi kutafuta kuni. Hapo nikakaa kimya. Mwanamke asiyekwenda Mbizi na mzigo kichwani ni faida, na mbega wa Mbizi ambaye mti wake haukukatwa ni faida. Mkaratusi unaleta vyote viwili. Yaani mti ule ule umechukua maji ya mama na umeleta ada ya mtoto.

Nikamgeukia mama mdogo, nikamuuliza yeye anatakaje. Akacheka kidogo, akasema, "Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa." Bonde analima yeye, kisima alichimba yeye, lakini ardhi ni ya ukoo wa mumewe. Nilipoleta miche yangu, niliomba ruhusa kwa baba mdogo. Yeye nilimsalimia tu.

Duh. Hiyo nayo haikuwa kwenye fomu.

Tulichoamua ni hiki. Mistari miwili ya chini, iliyo karibu na kisima, tutaiuza kwanza, na visiki vyake tutavibandua magome na kuvivunja machipukizi kila yanapotokea, maana mkaratusi haufi kwa kukatwa. Mistari ya juu mlimani ibaki, ilipe ada na itoe kuni. Bondeni hatupandi kitu mpaka mama mdogo aseme anataka nini pale, na kwa sasa amesema anataka nyasi zirudi. Nyasi! Mimi msomi wa misitu nimekwenda fildi nikarudi na uamuzi wa kurudisha nyasi. Yule jamaa wa vimbwetani atafurahi.

Nikiri pia kwamba si jambo la kuisha mwaka huu. Kama Mokobulaan ilichukua miaka, na sisi tusubiri miaka. Mistari miwili imeshakatwa, nilipiga simu wiki jana. Kisima bado matope.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, hasa mnaokwenda fildi mwaka huu, iwe misitu, kilimo, ardhi au hata ninyi wa sosholojia mnaojifanya miti haiwahusu. Mkitengeneza fomu, acheni safu moja tupu, isiyo na kichwa. Mkifika kwa mtu, mwambieni aiite jina mwenyewe. Ulizeni na hili: mti huu unachukua nini? Tumezoea kuuliza faida tu, kana kwamba mti ni malaika. Halafu muulizeni yule anayechota maji. Mwenye hati msimuache, ila msiishie kwake.

Na mkiona mahali panaitwa "patupu", nyasi na upepo tu, tembeeni polepole. Hesabuni vichaka. Ulizeni majina. Kuna mtu amekuwa akivipitia pembeni na jembe kwa miaka thelathini, na huyo ndiye profesa wa kwanza wa mahali pale.

Lile daftari la zawadi bado ninalo. Nimeanza kuliandika mwaka jana, kurasa zake zilikuwa bado nyeupe. Ukurasa wa kwanza nimeandika majina ya miti ya mama mdogo kwa Kifipa, kama alivyoyataja. Mengine hata sijui kuyaandika vizuri, itabidi nirudi anisahihishe.

Haya wadau, kesho kuna kipindi saa moja asubuhi na mwenzangu wa chumba ameshazima taa mara mbili kunipa ujumbe. Kisima kikirudi nitaandika. Kisiporudi pia nitaandika. Usiku mwema.